Somo la uzazi liwafuate vijana wa Kwale waliko

Kati ya mwaka 2015 na 2017, vijiji vya Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, vilishiriki utafiti mkubwa wa dawa za minyoo ulioitwa TUMIKIA. Watafiti waliigawanya kaunti katika maeneo 120. Baadhi yaliendelea na utaratibu uliozoeleka wa watoto kupewa dawa shuleni mara moja kwa mwaka. Mengine yalipelekewa dawa nyumba kwa nyumba, kuanzia mtoto wa miaka miwili hadi ajuza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet. Katika maeneo ya shule pekee, maambukizi ya safura yalishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Katika maeneo yaliyofikiwa nyumbani mara mbili kwa mwaka, yalishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2.

Walimu hawakuzembea. Dawa iliyogawiwa darasani ilimfikia aliyekuwa darasani, na watu wazima na vijana waliobeba minyoo walikuwa shambani, sokoni na pwani.

Kwale ndiyo iliyoufunza ulimwengu jambo hilo, lakini yenyewe bado haijalitumia katika suala linaloumiza familia zake kuliko safura: elimu ya afya ya uzazi kwa vijana. Kwa zaidi ya miaka kumi Kenya imebishana kuhusu nini kifundishwe darasani, nani afundishe na mtoto awe na umri gani. Desemba 2013, mawaziri wa elimu na afya kutoka mashariki na kusini mwa Afrika walikutana Cape Town na kuahidi kuwafikishia vijana elimu hiyo, Kenya ikiwemo. Waliporudi nyumbani wakakutana na maaskofu, maimamu na wazazi wenye hofu, na mvutano haujaisha hadi leo.

Huku wakubwa wakivutana, msichana wa Mwabungo aliyeacha masomo darasa la saba hayumo katika hesabu ya yeyote. Hayumo pia kijana wa Kinango aliyehamia Ukunda kuendesha bodaboda, wala binti anayejifunza ususi Msambweni, wala mvuvi wa Vanga mwenye miaka 17. Mtaala wa shule ukibadilishwa kesho asubuhi, hawa wanne hawatausikia. Mahali pa kuwafundisha ni pale wanapojifunza kazi na kutafuta riziki, na serikali ya Kaunti ya Kwale ina mamlaka ya kulifanya hilo bila kusubiri Nairobi.

Nje ya lango la shule

Utafiti wa Demografia na Afya nchini wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Mwaka 2014 kiwango kilikuwa asilimia 18, kwa hivyo nchi imepiga hatua. Lakini ndani ya takwimu hizo kuna pengo kubwa. Kwa wasichana wa umri huo ambao hawakusoma kabisa, kiwango ni asilimia 38. Kwa waliosoma kupita sekondari ni asilimia 5.

Mambo hayo mawili husukumana. Msichana akitoka shuleni, uwezekano wa kushika mimba hupanda. Akishika mimba, uwezekano wa kurudi shuleni hushuka. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2020 unamruhusu mwanafunzi aliyejifungua arudi darasani, na sera ya kwanza ya namna hiyo ilitolewa tangu mwaka 1994. Kwenye karatasi mlango uko wazi. Nyumbani kuna maswali mengine: mtoto aachiwe nani ikiwa bibi yake amekwenda kibarua cha kufua nguo hotelini Diani? Karo itoke wapi? Na wenzake wakimcheka?

Wengi wa wasichana hao hawarudi kwenye sare. Baada ya mwaka mmoja au miwili, wenye bahati huonekana kwenye cherehani, kwenye saluni au jikoni mwa hoteli, wakitafuta ujuzi wa kuwalisha wao na watoto wao. Hapo ndipo kaunti inapokutana nao tena. Mara nyingi hukutana nao ikiwa na uzi na sindano tu, bila neno lolote kuhusu afya.

Katiba iliviweka pamoja

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Shule za msingi na sekondari zilibaki Nairobi. Kaunti zilipewa zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti. Zilipewa pia elimu ya chekechea, vituo vya kulelea watoto na vyuo vya ufundi vya vijijini, vile ambavyo wazee wetu bado huviita politekniki. Katika kifungu kingine, zikapewa usimamizi wa burudani za umma.

Soma orodha hiyo ukimfikiria mama wa miaka 18 kutoka Kinondo. Chuo anachoweza kusomea ushonaji ni cha kaunti. Darasa la chekechea ambalo mwanawe ataketi akifikisha umri ni la kaunti. Muuguzi wa zahanati iliyo karibu na chuo analipwa na kaunti. Hata leseni ya ukumbi wa starehe ulio jirani hutoka kwa kaunti. Kila kitu anachohitaji ili ajenge maisha yake upya kimo ndani ya serikali moja, chini ya gavana mmoja na bunge moja la wawakilishi kutoka wadi 20.

Mambo huharibika kwa sababu idara hizo hazizungumzi. Idara ya afya hupanga kampeni zake na kuwatafuta vijana kwa mikutano ya hadhara. Idara ya elimu huendesha vyuo na huhesabu mafanikio kwa idadi ya waliohitimu. Idara ya vijana hufadhili mashindano ya mpira na makongamano. Msichana akiacha kozi ya ushonaji mwezi wa tano kwa sababu ya mimba, chuo humwandika kuwa ameacha masomo. Zahanati humwandika kuwa mteja mpya wa kliniki ya wajawazito. Hakuna anayezisoma daftari hizo mbili pamoja.

Kwale ina msingi mzuri wa kuanzia. Katika miaka ya utawala wa Gavana Salim Mvurya, kuanzia 2013 hadi 2022, kaunti hii ilijijengea jina kwa madarasa ya chekechea na ufadhili wa masomo. Mrithi wake, Fatuma Achani, ndiye mwanamke wa kwanza kuchaguliwa gavana katika ukanda wa Pwani. Mvurya mwenyewe alihamishiwa wizara inayosimamia masuala ya vijana mwishoni mwa 2024. Majengo yapo, na viongozi wanaoijua Kwale wako katika ngazi zote mbili za serikali.

Somo linavyokaa ndani ya karakana

Wengi wakisikia elimu ya afya ya uzazi huwaza mhadhara: mgeni kutoka mjini, bango la picha, vijana wakitazama chini kwa haya. Katika chuo cha ufundi somo linaweza kuingia kwa njia ya kazi yenyewe.

Chukua darasa la ushonaji. Vitambaa vya hedhi vya kufua na kutumia tena vina soko katika kila kijiji. Sheria ya mwaka 2017 iliiagiza serikali kuwapa wasichana walio shuleni taulo za hedhi bila malipo, na aliyetoka shuleni alitoka pia katika mgao huo. Kukishona kitambaa hicho vizuri ni lazima ujue kinatumikaje: tabaka la juu la pamba laini, la katikati la kufyonza, la chini lisilopenyeza. Ni lazima ujue kuwa kinafuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani, wakati mila ya kuficha humfanya msichana akianike chini ya godoro, mahali penye unyevu na viini. Kutoka hapo mwalimu huingia kwenye mzunguko wa hedhi bila kulazimisha. Mbona wa huyu ni siku 28 na wa yule ni 35? Mbona kuhesabu siku za hatari ni bahati nasibu kwa msichana ambaye hedhi yake haijatulia? Mwisho wa wiki mwanafunzi ana bidhaa ya kuuza na maarifa ya mwili wake.

Katika darasa la ususi na urembo, somo ni la aina nyingine. Msusi hukaa na kichwa cha mteja kwa saa tatu au nne, na katika saa hizo husikia mengi ambayo muuguzi hatayasikia kamwe. Msusi anayejua kuwa vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema, tena ndani ya siku chache tu, anaweza kuokoa maisha ya mtu. Vivyo hivyo anayejua kuwa aliyebakwa anahitaji kufika hospitali ndani ya saa 72 ili apate dawa za kukinga virusi vya ukimwi, bila kuoga na bila kufua nguo alizovaa.

Wanaosomea upishi na huduma za hoteli hupelekwa atachimenti katika hoteli za Diani. Hapo kijana wa miaka 19, asiye na mshahara wala mkataba wa kudumu, hukutana na msimamizi mwenye uwezo wa kumwandikia ripoti nzuri au mbaya. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya dhuluma za kingono kazini. Mwanafunzi angepaswa kuisoma sera ya hoteli anayokwenda kabla ya kupanda matatu, na chuo kingepaswa kukataa kumpeleka mahali pasipokuwa nayo.

Kisha kuna wavulana, ambao mipango mingi huwasahau au huwataja kama hatari tu. Darasa la umekanika na kituo cha bodaboda ni vyao. Waendeshaji ndio huwabeba wasichana wa shule wanaoishi mbali, na lifti ya bure asubuhi huweza kugeuka deni linalodaiwa jioni. Kijana wa miaka 20 anahitaji kuelezwa waziwazi kuwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haitambui ridhaa ya aliye chini ya miaka 18. Anayefanya ngono na msichana wa miaka 16 au 17 anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 15. Akiwa na umri wa miaka 12 hadi 15, kisichopungua miaka 20. Wengi huyajua haya siku wanaposimama kizimbani. Kijana huyo ana maswali yake pia: kuhusu magonjwa ya zinaa, kuhusu nguvu za kiume zinazouzwa kwa chupa barabarani, kuhusu atakavyomlea mtoto aliyekwisha kumpata.

Yote haya yanahitaji muuguzi afike chuoni. Zahanati nyingi hupata foleni ndefu asubuhi, saa ambazo mwanafunzi yuko karakanani. Tena katika kijiji ambacho muuguzi ni jirani ya shangazi yako, kuingia kwenye chumba cha uzazi wa mpango ni kama kutangaza kwa kipaza sauti. Muuguzi anayefika chuoni siku moja kila wiki, akiwa na chumba chenye mlango unaofungwa, huondoa vikwazo hivyo viwili. Atampima shinikizo la damu mwenye mimba, maana mama mwenye umri mdogo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba. Atamweleza kwa nini Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio manane ya kliniki kabla ya kujifungua, la kwanza likiwa ndani ya wiki 12. Atawapa vifaa vya kujipima virusi vya ukimwi wale wanaopendelea kujipima wenyewe.

Diani na hesabu ya umri

Hakuna anayeweza kuandika kuhusu vijana wa pwani ya kusini akaipita Diani kimya. Ripoti iliyotolewa mwaka 2006 na UNICEF pamoja na serikali ya Kenya ilikadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wakiingizwa katika biashara ya ngono kwa vipindi. Ilizungumzia watoto wa miaka 12 hadi 18. Wengi huikumbuka ripoti hiyo kwa ajili ya watalii kutoka Ulaya. Wachache hukumbuka kuwa kundi kubwa kuliko yote la wanyanyasaji, asilimia 38, lilikuwa la Wakenya wenyewe.

Umaskini ndio mzizi, lakini ukosefu wa habari sahihi hutia mbolea. Mtafiti wa uchumi Pascaline Dupas alifanya jaribio katika shule za magharibi mwa Kenya, akachapisha matokeo mwaka 2011. Wasichana walipewa mazungumzo ya dakika 40 tu, yakiwa na filamu fupi, kuhusu jambo moja: viwango vya maambukizi ya virusi vya ukimwi kwa umri wa mwanamume. Waliona kwa takwimu kuwa mwanamume mtu mzima mwenye pesa ni hatari zaidi kuliko kijana wa rika lao. Katika mwaka uliofuata, mimba zilipungua kwa asilimia 28 miongoni mwao. Kuwafunza walimu mtaala rasmi, ambao ulisisitiza kusubiri hadi ndoa, hakukupunguza mimba.

Diani inahitaji mazungumzo kama hayo, yenye takwimu na yasiyo na vitisho, kwa sababu mwanamume mzee mwenye pesa hapa huja kwa sura nyingi: mtalii, mfanyabiashara, ofisa, hata jirani anayeheshimika. Na msichana akishamkataa, anahitaji njia ya kujaza tumbo. Ushauri bila riziki hudumu hadi njaa inapobisha hodi.

Disko matanga, yaani disko za usiku zinazopigwa msibani, nazo zimo katika habari hii. Machifu na maofisa wa usalama wamezipiga marufuku mara nyingi, na kila mara hurudi, kwa sababu kwa kijana wa kijijini mara nyingi hiyo ndiyo burudani pekee ya usiku. Kaunti yenye mamlaka juu ya burudani ingeweza kufungua viwanja na kumbi zenye taa na ulinzi hadi saa tatu usiku, kisha ikamweka hapo mhudumu wa afya anayejulikana na vijana.

Kichocho: sura ya Kwale

Kuna ugonjwa mmoja ambao mjadala wa Nairobi kuhusu elimu ya uzazi haujawahi kuutaja, na ambao kwa Kwale ungepaswa kuwa katika somo la kwanza. Ukanda wa Msambweni umechunguzwa kwa ajili ya kichocho cha mkojo tangu miaka ya 1980. Vijidudu vyake hukua ndani ya konokono wa maji baridi, kisha huingia kupitia ngozi ya anayeoga, kufua au kuvuka mto na bwawa.

Watu hukijua kichocho kwa mkojo wenye damu. Lakini mayai ya minyoo hiyo huenda pia kwenye mlango wa kizazi na uke, yakaleta vidonda, majimaji, damu isiyo ya hedhi na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Asipotibiwa mapema, mwanamke anaweza kushindwa kushika mimba, au mimba ikatunga nje ya mfuko wa uzazi. Vidonda hivyo vimehusishwa pia na hatari zaidi ya kupata virusi vya ukimwi. Makadirio ya kimataifa yanasema wanawake na wasichana wapatao milioni 56 barani Afrika wana hali hiyo.

Fikiria yanayompata msichana wa kijiji kilicho kando ya Mto Ramisi. Anaumwa, anatokwa na majimaji, anaogopa. Mama yake anamshuku. Zahanati inampa dawa za magonjwa ya zinaa, na kwa kuwa hazifanyi kazi, anapewa tena. Anabeba sifa ya uzinzi kwa sababu ya kufua nguo mtoni. Vidonge vya prazikwanteli vinaua minyoo hiyo, na hufaa zaidi vikitolewa kabla vidonda havijakomaa. Dawa hiyo imekuwa ikitolewa kupitia shule. Aliyetoka shuleni mapema ndiye anayekwenda mtoni kila siku, na ndiye anayekosa vidonge.

Somo la kichocho lina faida nyingine: linaweza kuanzishwa mbele ya mzee yeyote bila kumfanya ainuke na kuondoka. Wazazi wakishaona kuwa elimu hii imeondoa aibu isiyostahili kwa binti zao, masikio yatafunguka kwa yanayofuata.

Msikitini na kwa somo

Hofu ya viongozi wa dini inapaswa kusikilizwa kwa makini, kwa sababu sehemu yake ina msingi. Wanaogopa mafunzo yaliyoandikwa mbali yatakayomfundisha mtoto kuwa kila jambo ni halali mradi kuna ridhaa. Mpango wa Kwale utakaowaita maimamu siku ya uzinduzi ili wapigwe picha utakufa. Utakaoketi nao wakati somo linaandikwa una nafasi ya kuishi.

Na hawatakuja mikono mitupu. Mtoto anayesoma fiqhi ya madhehebu ya Shafi akitumia kitabu cha Safinatun Najaa hukutana na ishara za baleghe katika kurasa za mwanzo kabisa: kutimiza miaka 15, kuota, na hedhi kwa msichana. Baadaye hujifunza janaba, nifasi na josho. Ustadhi wa madrasa huko Tiwi au Bongwe huyataja mambo hayo mbele ya watoto bila kuona haya, kwa kuwa ni masharti ya ibada. Kinachokosekana ni daraja kati ya hukumu na afya: msichana anajua kuwa hedhi inamzuia kuswali, lakini hajui maumivu ya kiasi gani yanahitaji daktari.

Mila nazo zilikuwa na mwalimu wao. Mwanamwali wa pwani alikabidhiwa somo, mwanamke mzima aliyemfundisha usafi, staha na maisha ya ndoa. Tusiipambe mila hiyo kupita kiasi. Mafunzo yake yalimwandaa mke kumridhisha mume, na yaliwafaa watu ambao baleghe na harusi zilikaribiana. Leo binti wa Kwale anaweza kubaleghe akiwa na miaka 12 na kuolewa akiwa na 24. Miaka hiyo 12 katikati haina somo wala kungwi. Wanawake wazima wanaoaminika mitaani wangeweza kuijaza wakipewa mafunzo ya afya na posho, bega kwa bega na wahudumu wa afya ya jamii ambao serikali iliwapa mikoba ya vifaa mwaka 2023.

Uganda ilifaulu, Tanzania ikakwama

Kuna ushahidi wa karibu kuwa kuunganisha riziki na afya kunafanya kazi. Nchini Uganda, shirika la BRAC lilianzisha vilabu vya wasichana nje ya shule. Mle ndani walijifunza ufundi na biashara ndogo, pamoja na uzazi, ndoa za mapema na dhuluma. Watafiti waliowafuatilia waligundua kuwa baada ya miaka minne, wasichana wa vijiji vyenye vilabu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujipatia kipato, ongezeko la asilimia 48. Mimba za utotoni zilipungua kwa zaidi ya theluthi moja.

Shirika hilo hilo lilipeleka mpango huo huo Tanzania, na tathmini haikuona mabadiliko ya maana. Vilabu vilikuwa na uhaba wa rasilimali. Jina lilikuwa moja na mtaala ulikuwa mmoja, lakini fedha zilikuwa chache. Kaunti inayopenda kuzindua miradi kwa mbwembwe kisha kuiacha bila posho ya wakufunzi ijifunze hapo.

Karibu zaidi na nyumbani, shirika la Moving the Goalposts la Kilifi limekuwa likiwaleta wasichana pamoja kwa mpira wa miguu tangu 2001. Wasichana wenyewe huendesha ligi, huwa waamuzi, na hufundishana afya ya uzazi na haki zao. Mpira huwaleta kila wiki, na wanaokutana kila wiki huulizana maswali ambayo hayaulizwi kwenye semina ya siku moja.

Bajeti haisubiri

Kwa miaka mingi kazi hii pwani ilibebwa na wafadhili. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na huduma nyingi za ukimwi na uzazi nchini zikayumba katika muda wa siku chache. Chuo cha ufundi hakiwezi kufungwa kwa agizo la Washington, na hiyo ni sababu nyingine ya kuliweka somo hili ndani yake.

Hata mipango mipya ya serikali kuu inaweza kulibeba. NYOTA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, unalenga vijana 70 katika kila wadi, na mtaji wa shilingi 50,000 kwa kila mmoja. Kwa wadi 20 za Kwale, hao ni vijana 1,400 watakaoketi katika mafunzo ya biashara. Siku moja ya ziada kuhusu afya ya uzazi ingegharimu chakula cha mchana na nauli ya muuguzi. Pia ingeulinda mtaji wenyewe, kwa sababu biashara ya msichana huweza kufungwa na mimba isiyopangwa kabla ya kufungwa na soko.

Sheria inataka mpango wa maendeleo wa kila mwaka ufike katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha ifike kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Umma lazima ushirikishwe. Mpango wa miaka mitano wa 2023 hadi 2027 unakaribia kuisha, na utakaofuata utaandikwa hivi karibuni. Mikutano hiyo hufanyika katika kila wadi, na wanaohudhuria zaidi ni wazee wanaodai barabara na maji.

Kijana wa Ukunda, Lunga Lunga au Kinango anayelitaka somo hili apeleke hati ya ukurasa mmoja. Aandike jina la chuo cha ufundi kilicho karibu naye, siku ya wiki ambayo muuguzi atafika, idadi ya watoto wachanga wanaohitaji mlezi mama zao wakiwa darasani, na kiasi cha fedha. Ombi la jumla kuhusu uwezeshaji wa vijana hujibiwa kwa hotuba. Lenye jina, siku na shilingi lazima ama litiwe katika bajeti, ama mwakilishi wadi aeleze mbele ya watu kwa nini amelikataa.